Nusu ya Nuru

Katika vijiji vya Butiama, upasuaji wa mtoto wa jicho una sifa kubwa: mzee aliyeshikwa mkono kwenda hospitali hufunguliwa bandeji kesho yake akawatambua wajukuu. Sifa hiyo ni ya haki, lakini humponza mgonjwa wa uveitisi, yaani uvimbe sugu ndani ya jicho. Kwake mtoto wa jicho huletwa na uvimbe wenyewe, au na dawa za steroidi zinazoutuliza. Huenda retina imejaa maji, au presha ya jicho imekwisha kudhuru mshipa wa kuona, na lenzi mpya hairudishi kilichoharibika nyuma yake. Kwa sababu ya uvimbe huo madaktari hungoja jicho litulie kwa miezi 3 hivi kabla ya kupasua. Wengi hupata nafuu kubwa. Baadhi huambulia nusu ya nuru. Je, hao wameponywa? Nasema ndiyo, na kuwaficha uwezekano huo mapema ni kuwadhulumu.

Wako waumini watakaojibu kwamba Mungu haponyi nusu, na kwamba daktari anayetaja hatari anapanda mashaka. Lakini Injili ya Marko, sura ya 8, inasimulia kipofu wa Bethsaida aliyeguswa mara mbili. Baada ya mguso wa kwanza Yesu alimuuliza kama anaona, naye akakiri kwamba watu anawaona kama miti inayotembea. Hakukemewa. Ni kweli, yeye hatimaye aliona sawasawa, na mgonjwa wetu hana hakika hiyo. Hata hivyo, ukweli wake ndio uliotangulia mguso wa pili. Mgonjwa wetu naye anahitaji nafasi ya kusema ukweli, kwa kuwa uvimbe hurudi; na katika Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu, mgonjwa anahitaji mtu wa kumwambia bila hofu kwamba jicho limewaka tena.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Mkulima wa Bunda akiambiwa asubiri, nauli ya kurudi kliniki Musoma au kufika hospitali ya Bugando, Mwanza, yaweza kumshinda; si afadhali apasuliwe leo? Hapana, kwa kuwa jicho lenye uvimbe mkali likipasuliwa laweza kupoteza hata mwanga uliosalia. Ila kumwambia asubiri bila matone wala tarehe ya kurudi ni kumtelekeza. Makanisa na misikiti inayomwombea ichangie pia nauli yake ya kliniki, kwa maana anayemtaka mgonjwa awe na subira anadaiwa kusubiri pamoja naye.