Jiwe Jeusi Kutoka Kwenye Mibuni

Somo: Kutoka 16:13–31

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa darasa la kipaimara alinijia na jiwe amelifunga ndani ya sweta. Alikuwa akikatiza katikati ya mibuni baada ya mvua, akajikwaa. Jiwe lenyewe ni jeusi, limekunjamana kama uji uliomwagika ukaganda, na uzito wake hauendani na umbo lake. Alilitua mezani kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ya chini: "Mchungaji, nadhani hili limetoka mbinguni."

Hapa Mbozi mtoto akisema hivyo, mtu mzima hapaswi kucheka. Pale Ndolezi kimelala Kimondo, tani zipatazo 16 za chuma kilichochanganyika na nikeli, urefu wake mita 3 na ushei. Wazee walikijua tangu zamani, kabla mpima ardhi mmoja hajakitolea taarifa mwaka 1930, nacho kikajulikana duniani. Anayekulia jirani na kitu kama hicho huokota kila jiwe jeusi akiwa na tumaini. Nami nilipolishika lile la kwake, moyo ulinipiga.

Mama yake aliingia nyuma yake. Yeye aliuliza bei. Kijana wake amechaguliwa shule ya bweni, na godoro, sanduku na sare bado havijapatikana. Kuna mtu alipita na pikipiki, akamwambia mawe ya namna hiyo hununuliwa kwa mamilioni, ila kwanza atoe shilingi 30,000 za vipimo. Wapendwa, nilitamani sana kumjibu yule mama kwamba ndiyo, hiki ni kimondo.

Ndipo nikakumbuka mana. Asubuhi ile jangwani, umande ulipoinuka, Waisraeli waliona vitu vidogo juu ya nchi, vyembamba kama sakitu. Hawakuvijua, wakaulizana ni nini. Musa aliwaeleza, lakini chakula kile kilibaki na jina linalolikumbusha swali lao. Kwa miaka 40 walikula kitu kinachoitwa kwa swali. Huwa tunaharakia muujiza tukaliruka swali hilo, kana kwamba kuuliza ni upungufu wa imani. Mimi naona kinyume chake. Chakula kile kilishuka kutoka kwa Mungu, na bado kiliruhusu kushikwa, kupimwa kwa pishi, kusagwa na kutwangwa. Kilichotoka kwake hakiogopi kuchunguzwa.

Basi tukalichunguza. Tulianza na sumaku tuliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Ilivutwa, lakini kwa unyonge, hapa ikanasa na pale ikateleza. Kimondo cha chuma huikamata sumaku kwa nguvu kila upande. Kijana alifurahi hata hivyo, nikamwambia asubiri.

Tukaazima mizani dukani: kilo 1 na gramu 400. Tukajaza ndoo maji hadi ukingoni, tukalizamisha jiwe kwa kamba, tukakinga yaliyomwagika na kuyapima kwa kikombe cha vipimo. Yalikuwa kama mililita 400. Ukigawanya, unapata uzito wa mara tatu na nusu ya maji. Mawe mengi ya kawaida huwa karibu mara mbili na nusu hadi tatu, na chuma huzidi mara saba. Kijana alirudia hesabu peke yake kwenye daftari, mara mbili, na jibu halikubadilika. Nilimwona akimeza mate.

Mwisho tukapitisha tupa pembeni. Kimondo cha namna ya kile cha Ndolezi kingeng'aa kama fedha. Hili lilionyesha rangi ya kijivu, kama kioo chenye moshi, na vitundu vingi vya hewa ndani, na katika kimoja alama wazi ya kipande cha mkaa, mistari ya mti ikiwa imebaki.

Alama ile ndiyo iliyonifanya nimwite mzee wetu wa kanisa, ambaye babu yake alikuwa mfua vyuma. Hakuhitaji sumaku. Aliligeuza mara moja, akasema, "Haya ni mavi ya chuma."

Watoto waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Mzee akawatazama hadi wakanyamaza. "Msicheke, wajukuu zangu. Pasipo haya hapana jembe."

Akatueleza. Wanyiha waliyeyusha chuma wenyewe, kama majirani zao Wafipa, katika tanuri za udongo. Mawe yenye chuma yalipangwa kwa zamu na mkaa, hewa ikaingia kwa mirija ya udongo iliyochomekwa chini. Moto ulipokolea, uchafu wa jiwe uliyeyuka ukatiririka na kujitenga, na bonge la chuma likabaki ndani, la kupashwa moto tena na kufuliwa. Majembe yaliyotoka humo yalilima ulezi, yakatolewa mahari. Majembe ya madukani yalipokuja, tanuri zilizimika moja baada ya nyingine.

Nilimsikiliza nikiwa na uchungu. Kitabu cha Ayubu, katika sura ya 28, kinawastaajabia watu wanaotoa chuma ardhini, nasi tuna watu hao hao katika ukoo wetu na hatujui hata mahali walipowasha moto. Walitembea katika milima hii wakiyajua mawe kwa rangi na kwa uzito mkononi. Nimehubiri hapa miaka mingi juu ya Sayuni na Yeriko, na sikuwahi kuwataja.

Yule mama alikaa kimya muda wote. Kisha akauliza kama jiwe hilo lina bei. Nikamwambia halina, na kwamba asimpe yule mtu wa pikipiki hata senti moja. Machozi yalimtoka, nami sikumzuia. Sanduku na godoro tutayazungumza katika baraza la wazee wiki hii.

Aliyevunja ukimya ni mzee. "Mjukuu wangu, ulilikwaa wapi? Nipeleke."

Tulikwenda wote jioni ile, mama naye. Penye mibuni kijana alituonyesha kishimo, na mzee hakusimama hapo. Aliendelea kupanda taratibu kwa fimbo yake mpaka kwenye kichuguu kilichofunikwa na majani, akaparua udongo. Mawe meusi yalikuwa mengi, na katikati yake kipande cha mrija wa udongo, mwekundu, upana wa ngumi. Kijana alipiga magoti kukitazama. "Babu, hiki nacho ni nini?" akauliza. Mzee alivua kofia, akaketi chini karibu naye, akaanza kumweleza.