Je, Ni Haki Kumnyang'anya Mchuuzi Mzigo Wake?

Neno hili laulizwa mara nyingi siku hizi, nasi twaona yafaa tulitazame kwa utulivu. Mchuuzi amepanga mashati yake kando ya njia huko Dar es Salaam, mahali palipokatazwa. Askari wa mgambo waja, wauchukua mzigo wote na kuutia garini. Watu wengine husema, "Amevunja amri, basi na apate alichokitafuta." Wengine humhurumia, kisha huenda zao. Lakini huruma ni jambo moja na haki ni jambo jingine, nasi twauliza habari ya haki.

Kwanza yatupasa kujua mzigo ule ni wa nani. Wachuuzi hawa huitwa Wamachinga, ingawa jina hilo hasa ni la kabila moja la upande wa Lindi. Leo mtu aliyetoka Dodoma au Singida au Mtwara huitwa vivyo hivyo, madhali atembeza bidhaa. Ametoka shamba na nauli tu. Mtaji hana. Basi huenda Kariakoo kwa tajiri mwenye duka, naye humpa mali kauli, maana yake mali itolewayo kwa neno la kinywa tu, bila hati wala rehani, mpaka jioni. Jambo hili latustaajabisha sana: katika mji ambao majirani hawajuani majina, mali nyingi hutoka dukani kila asubuhi kwa kuaminiana.

Tuseme amechukua mashati 12, kila moja kwa shilingi 8,000. Deni lake ni shilingi 96,000. Akiliuza kila moja kwa 10,000 na kuyamaliza yote, hubaki na 24,000, ndizo za chakula, nauli, kodi ya chumba, na kitu kidogo cha kumpelekea mama nyumbani. Sasa amekwisha kuuza 3 tu, mgambo wafika. Mkononi ana 30,000, adaiwa 96,000. Ili kuzilipa zile 66,000 zilizosalia, kwa faida ya 2,000 kwa shati, hana budi kuuza mashati 33, na kwa siku hizo zote asile wala asipande gari. Tena tajiri hatampa mengine upesi, kwa kuwa kauli imevunjika, ingawa aliyeivunja siye yeye.

Hapa ndipo twaona kwamba kosa na adhabu haviendi pamoja. Kosa lilikuwa kukaa mahali pasipo ruhusa. Mwenye motokari akiisimamisha mahali kama hapo hutozwa faini, na akiisha kulipa huondoka na motokari yake. Torati ya kale ilikataza jiwe la kusagia lisitwaliwe rehani, kwa kuwa atwaaye kitu hicho atwaa chakula cha nyumba nzima. Mzigo wa mchuuzi ndio jiwe lake la kusagia, tena si lake.

Hatusemi kwamba njia haina mwenyewe. Mwenye duka alipaye pango na kodi hunung'unika anapozibiwa mlango, naye ana sababu. Kipofu, na mama mwenye mtoto mgongoni, wakikosa pa kupita hushuka barabarani katikati ya magari; hao nao ni wanyonge. Anayemtetea mchuuzi bila kuwataja hao hajasema kweli yote. Ila na tuongeze neno: wako wenye maduka wanung'unikao mchana, na mzigo uliotandazwa mbele ya mlango ni wao wenyewe, wameutoa mali kauli. Na sisi wanunuzi je? Twatoa mkono dirishani mwa daladala, twanunua maji na karanga, twapunguziwa bei kwa sababu muuzaji hana pango. Wala hakuna askari atushikaye sisi. Biashara ni ya watu watatu, adhabu ni ya mmoja.

Labda mzee mmoja huko kijijini atasema, "Na warudi shamba." Shauri hili si jipya. Mwaka 1944 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji ambao kwa macho yake hawakutakiwa. Na mwaka 1983 serikali yetu wenyewe, kwa sheria ya Nguvu Kazi, iliwakusanya wasio na kazi Dar es Salaam na kuwapeleka vijijini. Wengi walirudi mjini. Mji uliokuwa na watu 128,742 katika hesabu ya mwaka 1957 ulikuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022. Tena mzee huyo na atazame bati zilizo juu ya nyumba yake, aulize zilinunuliwa kwa fedha gani.

Amri nazo zimegeuka-geuka. Desemba 2018 wachuuzi walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, ikaagizwa wasisumbuliwe. Oktoba 2021 vibanda vya kando ya njia viliondolewa Dar es Salaam, wakaonyeshwa mahali pengine. Kuonyeshwa mahali ni jambo jema, ikiwa watu hupita hapo. Jengo la ghorofa walilojengewa Ilala lilikaa miaka mingi na vizimba vitupu, kwa kuwa mnunuzi wa shati moja hapandi ngazi kulitafuta. Mchuuzi hufuata miguu ya watu, kama mvuvi afuatavyo samaki.

Basi twaona hivi. Mji una haki ya kumwondoa mchuuzi njiani, na kumtoza faini iliyotangazwa mbele. Lakini mzigo na uhesabiwe machoni pake, aandikiwe karatasi, na akilipa faini aupate wote siku ileile kabla ya jua kutua, maana jioni tajiri angojea dukani.