Moto wa Mwenyeji na Shukrani ya Mgeni



Sisi tuliozaliwa Ikombe hatukufundishwa kuwasha moto ili kupasha nyumba joto. Ziwa Nyasa liko mlangoni petu, na milima ya Livingstone imesimama nyuma yetu kama ukuta. Joto la mchana hukaa nasi hata usiku. Moto wetu ni wa kupikia, na mwingine ni ule wa mama zetu Wakisi, wafinyanzi, ambao hupanga vyungu vyao mahali pa wazi, wakavichoma kwa kuni na nyasi. Moshi wake hupanda juu.

Lakini ukiupanda mlima kwenda Ukinga, waingia katika nchi nyingine. Huko mahali pengi hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai umande huweza kuganda juu ya majani ukawa mweupe. Mtu asiye na moto usiku ataabika kweli. Nalisema jambo hili kwanza, ili msomaji wa Kyela asiwacheke watu nitakaowataja.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Julai, mimi na mwalimu mwenzangu tulialikwa katika usharika mmoja wa huko juu. Tulilazwa katika nyumba ya kale yenye jiko la chuma, la namna ile waliyoitumia wageni wa Ulaya zamani. Lina mlango mdogo mbele, wavu wa chuma wa kushikia makaa, sanduku la majivu chini yake, na bomba la moshi lipandalo hata juu ya paa. Jiko hilo lilikuwa limekaa miaka mingi bila kazi. Mzee mmoja wa kanisa, naye ni fundi, alipopata habari ya kuja kwetu alilishughulikia wiki nzima. Alikwangua kutu, akaziba nyufa, akatia bawaba mpya, akalipaka rangi nyeusi hata likang'aa. Akatafuta na gunia la makaa ya mawe, yale yachimbwayo Kiwira, akatuwashia kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akafunga madirisha, akasema, "Lala salama, Baba Mchungaji, nawe Mwalimu. Leo hamtaijua baridi yetu."

Usiku wa manane niliamka kichwa kikiniuma kama kitakachopasuka. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Nalimwita mwenzangu mara tatu, asijibu. Nikajikokota hata mlangoni, nikaufungua, nikamvuta mpaka barazani. Baridi ile tuliyoiogopa ndiyo iliyomrudishia fahamu. Akatapika, akakaa ameshika kichwa hata alfajiri.

Yafaa nieleze lililotupata, maana wengi hawalijui. Makaa ya mawe, na mkaa wa miti vilevile, yakiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ile hewa tuishiyo kwayo. Hivyo mtu huvuta pumzi, lakini damu yake haichukui uzima. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kichefuchefu, kisha viungo hulegea. Na aliye usingizini huenda asiamke kabisa. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yadanganyayo zaidi, kwa sababu mtu huyaona safi. Mwaka 1902 Émile Zola, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, alikufa kwa hewa hiyo chumbani mwake mjini Paris, kwa kuwa dohani ilikuwa imeziba. Alikuwa na mali na elimu, wala havikumwokoa.

Hata leo wako watu huko Ulaya na Marekani wapendao kutengeneza upya majiko ya chuma yenye umri wa miaka 100 na zaidi, wakapasha nyumba zao joto kwayo. Si jambo baya. Chuma kizuri hudumu kuliko aliyekifua. Lakini mafundi wao walio stadi huanza na dohani. Huisafisha, huijaribu kama yavuta, ndipo hugeukia kutu na rangi. Mzee wetu alitengeneza yote yaliyoonekana kwa macho. Bomba lililo juu ya dari hakuliangalia.

Basi asubuhi alikuja na uji wa moto. Akauliza kwa furaha, "Mmeamkaje? Joto lilitosha?" Mimi na mwenzangu tukatazamana. Nikajibu, "Tumelala vema, Mzee. Asante sana." Uso wake ukang'aa kuliko jiko lake. Tukaagana, tukaondoka.

Njiani nilinyamaza muda mrefu. Mwenzangu akaniambia, "Umefanya vema. Yule mzee ametupenda. Ukimwambia ya kuwa moto wake nusura utuue, utamvunja moyo, naye ni mtu mzima. Mgeni hatangazi kasoro za nyumba aliyolala." Maneno hayo si mepesi, wala sitaki msomaji ayatupe upesi. Kwetu adabu si mapambo. Kumwaibisha mwenye nyumba mbele ya kazi ya mikono yake ni kumlipa mabaya kwa mema. Tena, mzee yule alikuwa na kosa gani? Hakukusudia baya, wala hakuna aliyemfundisha habari ya hewa ile.

Nikayapima maneno hayo tukitelemka. Tulipofika mahali ambapo ziwa laonekana lote chini, nikaona moshi wa wafinyanzi ukipanda pwani, upande wa Ikombe. Nikajiuliza: usiku huu, ni nani atakayelala katika nyumba ile? Labda mgeni mwingine. Labda mzee mwenyewe na wajukuu zake, kwa kuwa sasa ameambiwa kwamba joto ni jema na waliolala wamelala vema. Naye aliyemwambia hayo ni mimi. Mpaka asubuhi ile mzee alikuwa hajui, na asiyejua hana hatia ya kukusudia. Lakini mimi nilijua. Hatari ile, iliyokuwa haina mwenyewe, sasa ilikuwa na mwenyewe, naye ni mchungaji aliyekunywa uji wake akashukuru.

Tena nikajiuliza nilikuwa nalinda nini. Nalisema moyoni kwamba nalinda heshima ya mzee. Lakini nilipochunguza vizuri, naliona kwamba nalinda jina langu, niitwe mgeni mwema asiyelalamika. Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikwenda, tukala, tukalala. Lakini je, mwenyeji alipona kwa kuja kwetu? Tulimwachia ugonjwa nyumbani, tukaufunika kwa asante.

Nikamkumbuka Petro. Injili ya Yohana yataja moto wa makaa mara mbili. Mara ya kwanza Petro asimama uani akiota moto wa watu wengine, na hapo hapo akana ukweli ili asisumbuliwe. Mara ya pili ni ufuoni mwa ziwa, kulipopambazuka, penye moto na samaki. Na hapo aulizwa mpaka ahuzunike. Nami naliota moto wa mtu, nikasema uongo mdogo wenye adabu.

Nikamwambia mwenzangu, "Tangulia wewe." Nikarudi. Nilimkuta mzee akichota majivu jikoni ili awashe tena jioni. Nikamwomba tukae mbali na watu, nikamweleza yote, toka maumivu ya kichwa hata baraza. Alisikiliza hata mwisho. Hakukasirika kwa habari ya jiko. Aliniuliza neno moja tu: "Mbona asubuhi ulisema mmelala vema?" Sikuwa na jibu. Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Njoo unishikie ngazi." Tulipofungua bomba juu ya paa tulikuta masizi, majani makavu na kiota cha ndege, vimejaa hata mkono haupiti.

Kwa hiyo, wapendwa, nawasihi ninyi mkaao penye baridi: msilale na jiko la mkaa chumbani, hata makaa yakiwa yamefifia, kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutosha. Oteni moto kabla ya kulala, kisha utoeni nje, mjifunike mablanketi. Jiko la kale lenye bomba lisiwashwe kabla bomba halijasafishwa na kujaribiwa. Mkimkuta mtu amezimia penye moto, mtoeni kwanza penye hewa safi, kisha apelekwe hospitali upesi. Na kwa kuwa maskini hawezi kununua blanketi kwa kuambiwa tu, usharika ujue ni nani katika watu wake alalaye na baridi.

Nanyi mliokaribishwa na kupendwa, jiulizeni kama nilivyojiuliza mimi: asante yenu yamwacha mwenyeji salama? Mzee yule angali rafiki yangu. Tangu siku ile nikimwambia ya kuwa nimelala vema, huniuliza mara ya pili. Ni haki yake.