Siku Niliyoikata Horombo



Vijana wenzangu, leo naomba niwasimulie jambo ambalo nimelikalia muda mrefu. Linahusu mlima, lakini vumilieni, tutafika kwenye Injili.

Desemba moja, vijana kumi na wawili kutoka parokia za Tarime na Serengeti tulikubaliana kupanda Kilimanjaro. Tulitaka kupanda kama hija: rozari njiani, na nia za familia zetu mfukoni. Tulichagua njia ya Marangu kwa sababu ndiyo yenye nyumba za kulala. Njia nyingine unalala kwenye hema. Vituo ni vitatu: Mandara, karibu mita 2,700, Horombo, karibu mita 3,700, na Kibo, karibu mita 4,700. Yaani kila siku unapanda kama mita elfu moja. Kutoka Kibo unaamka usiku wa manane kuelekea Gilman's, halafu kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Mimi nilikuwa mweka hazina. Na hapo ndipo pabaya pangu.

Tulichanga mwaka mzima. Katikati ya mwaka nilipata shida, nikachukua hela ya kikundi. Nikajiambia nimekopa tu, nitarudisha. Sikurudisha yote. Siku zilipokaribia, daftari langu lilikuwa na tundu, na mimi peke yangu ndiye niliyelijua.

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa wa siku sita. Siku ya ziada hukaa Horombo: asubuhi unapanda kidogo mpaka kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia, kisha unashuka kulala palepale, mwili uzoee hewa nyepesi. Siku hiyo ina gharama zake: kiingilio cha hifadhi, malazi, chakula, malipo ya waongozaji na wapagazi. Ukiikata, bajeti inapungua vizuri sana. Nikasimama mbele ya wenzangu nikasema, "Jamani, sisi ni watu wa milimani. Tarime yenyewe iko karibu mita 1,500. Hiyo siku ya kupumzika ni ya Wazungu. Tuikate." Wakacheka, wakapiga makofi. Tukaikata.

Ndugu yangu, uongo wangu ulivaa nguo ya ushujaa, na hakuna aliyeutambua.

Tukapanda basi la Arusha linalokatisha hifadhi ya Serengeti na Ngorongoro, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Siku ya kwanza, msitu. Siku ya pili, nyika ya baridi, Mawenzi ikitutazama. Kila jioni mwongozaji wetu, mzee wa Marangu, alipita kitanda kwa kitanda akiuliza maswali yaleyale: "Kichwa? Tumbo? Umekula? Umelala?" Jioni ile Horombo kichwa kilikuwa kinanigonga kama nyundo. Nikamjibu, "Niko fiti, mzee."

Mimi ni kijana wa Kikurya. Siku ya jando nilifundishwa kutopepesa hata jicho. Silidharau fundisho hilo. Limenisaidia mara nyingi. Lakini nilikuwa nimelipeleka mahali pasipo pake. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote naumwa wapi, hata padre. Miaka miwili nilikuwa sijaingia kwenye kitubio.

Siku ya tatu tukafika Kibo. Pale hakuna chemchemi. Maji yanabebwa kutoka chini. Jioni, dada mmoja wa Mugumu, ambaye ndiye aliyekuwa akituongozea rozari, akaanza kutapika. Alipojaribu kutembea alipepesuka kama mlevi. Mzee akamtazama mara moja tu, akasema, "Huyu anashuka sasa hivi. Hatusubiri asubuhi." Kisha akatugeukia sote: "Sikilizeni wanangu. Mgonjwa anayesema, namshusha, anapona. Ninayemwogopa ni yule anayeficha."

Nilijua maneno yale ni yangu. Nikasema, "Mzee, na mimi kichwa kinauma tangu jana. Nashuka naye."

Tukashuka gizani na mwongozaji msaidizi na wapagazi wawili, taa za kichwani zikimulika vumbi. Kadiri tulivyoshuka, yule dada alirudiwa na nguvu. Horombo tulikuta chai ya moto. Nikamweleza kila kitu: hela, tundu, kwa nini niliikata ile siku. Nilitegemea atalia au atanitukana. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, ningeweza kufa." Basi. Hakuongeza neno.

Sentensi hiyo naisikia mpaka leo.

Wapendwa, fungueni Luka 14, kuanzia aya ya 28. Bwana anamsimulia mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye lazima kwanza aketi ahesabu gharama. Nimesikia mahubiri mengi juu ya aya hizo, na mara nyingi tunakazia kuhesabu. Mlima umenifundisha kwamba kuna hesabu ya kweli na hesabu ya uongo. Mimi niliketi, nilihesabu, hata jedwali nilichora. Lakini nilihesabu huku nikificha, na gharama niliyoificha ikalipwa na mwili wa mtu mwingine. Dhambi ya siri haiko siri kweli. Inatafuta wa kuilipia, na mara nyingi inampata asiye na hatia.

Halafu someni 1 Wafalme 19. Eliya amechoka, amelala chini ya mti, anaomba afe. Malaika hamkemei. Anamwamsha, anampa mkate na maji. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamlisha tena, kwa sababu safari bado ni ndefu. Ndipo anatembea siku arobaini mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Mungu hakuona aibu kumpa nabii wake siku ya kupumzika. Mimi niliona aibu.

Ekaristi na kitubio ndizo nyumba zetu za njiani. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, na ambaye Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa mpanda milima hodari. Na alipokea Komunio kila siku. Alijua huwezi kupanda kwa nguvu za jana.

Tuliporudi nyumbani, niliungama Jumamosi ile ile. Padre alinipa ondoleo, akaniambia pia nirudishe hela na niwaambie wenzangu. Hilo la pili lilikuwa gumu kuliko Kibo. Nilisimama mbele ya watu walewale walionipigia makofi. Wawili hawakunisalimia kwa miezi. Uweka hazina nilivuliwa, na ilikuwa haki. Deni nililimaliza kidogo kidogo. Yule dada bado anaongoza rozari, na mimi huitikia nikiwa benchi la nyuma.

Kwa hiyo nakuuliza maswali ya yule mzee, kwa namna yetu. Unaumwa wapi? Unalishwa na nini? Umepumzika kwa Mungu lini mara ya mwisho? Na ni nani anayelipia unachoficha? Usijibu hapa. Jibu Jumamosi hii, pale padre anapoketi kungojea.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyepanda mlima kusali, utupe ujasiri wa kusema tunapoumia. Uwalinde tuliowahatarisha kwa uongo wetu. Utulishe njiani mpaka tufike kwako. Amina.

Mtakatifu Pier Giorgio, utuombee.