Huruma Nayo Ina Sheria



Liko swali ambalo wakristo wengi wanajiuliza kwa siri: Je, ni dhambi kuchoka kuhurumia? Kwetu Nundu swali hili si la vitabuni. Vita ilipofika Fizi mwaka 1996, wengi walivuka ziwa Tanganyika wakapokelewa Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu. Mwaka 2015 ikawa zamu yetu kupokea: Warundi walikimbia nchi yao, na kambi ya Lusenda ikafunguliwa karibu nasi. Machozi yao tuliyajua. Lakini shida ya mgeni ikiendelea mwaka hadi mwaka, na wewe mwenyewe una njaa, moyo huanza kujifunga.

Moyo hujifungaje? Mara nyingi si kwa chuki. Mwangalieni kuhani na Mlawi katika Luka sura ya 10. Hawakumpiga yule majeruhi wala kumtukana. Walipita upande wa pili tu. Mimi naona waliogopa: wangekaribia, wangesikia akilia, na wangesikia, wasingeweza kuondoka. Miguu yao ilizuia huruma kabla haijafika moyoni. Nasi tunafanya hivyo tunaposhika njia ya nyuma ili tusipite mlangoni kwa mjane. Basi asiseme mtu, "Huruma haikunijia." Haikuja kwa sababu uliifungia mlango.

Lakini liko kosa la upande mwingine. Muuguzi anayelia na kila mgonjwa wa kolera atatafutaje mshipa kwa mkono unaotetemeka? Wataalamu wa elimu ya nafsi, Olga Klimecki, Tania Singer na wenzao, walitoa uchunguzi wao mwaka 2014. Watu waliofundishwa kusikia tu maumivu ya wengine walilemewa. Watu wale wale, walipofundishwa baadaye kuwatakia wanaoteseka mema kwa upendo, walipata tena nguvu. Kumbe kuumia pamoja na mtu na kumpenda mtu si kitu kimoja.

Msamaria alilijua jambo hili. Alisogea, akafunga majeraha, akampeleka nyumba ya wageni. Kesho yake akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi, akaendelea na safari. Hakukimbia, wala hakubaki kando ya njia akilia. Alitoa kwa kipimo na akaacha ahadi.

Hata Baba Simon Kimbangu alijua uzito huu. Alipoitwa mwaka 1918 alikwenda Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, kutafuta kazi. Lakini tarehe 6 Aprili 1921, huko Ngombe-Kinsuka, aliingia katika nyumba ya mama mgonjwa akamwekea mikono. Alivuka kizingiti ambacho kuhani alikikwepa.

Kanisa letu lina maneno matatu: bolingo, mibeko, misala, yaani upendo, sheria, kazi. Upendo bila sheria huzama pamoja na anayezama. Sheria bila upendo hupita upande wa pili. Na vyote viwili bila kazi ni machozi matupu.

Basi tufanye hivi. Usibadilishe njia kwa ajili ya mtu mwenye shida; kama huna unga, una salamu, tena muulize habari za watoto. Toa kipimo unachoweza, bila manung'uniko. Mzigo ukikuzidi, ulete kanisani tuugawane, kama Yethro alivyomshauri Musa. Na ukichoka, nenda faraghani ukaombe, kwa maana Bwana Yesu mwenyewe alijitenga kuomba hali makutano wanamtafuta.

Kuchoka si dhambi, wapendwa. Dhambi ni kushika njia ya nyuma kila siku, halafu kusema hukuona.

Mungu atupe moyo unaosogea. Amina.