Michezo ya Kupigana na Mwili wa Mtoto

Kati ya maswali ambayo vijana wa Kikristo huulizana bwenini baada ya taa kuzimwa, moja ni hili: je, mtu aliyeamriwa kumpenda adui yake aweza kujifunza namna ya kumwangusha? Swali hili si la mzaha. Siku hizi katika miji yetu karate, taekwondo na judo hufundishwa katika kumbi za shule, na pengine katika ukumbi wa kanisa lenyewe siku za katikati ya juma. Mzazi mmoja huitazama nguo nyeupe ya mtoto wake na mshipi wake, akafurahi kwamba mtoto amepata kazi ya kumtoa jasho. Mzazi mwingine huvitazama vitu vile vile akaona upagani na fujo. Wote wawili wanampenda mtoto wao, kwa hiyo haifai kumcheka yeyote kati yao. Mimi nitaichunguza judo hasa, kwa kuwa ndiyo niijuayo historia yake vizuri zaidi, na kwa kuwa aliyeianzisha alikuwa mwalimu aliyeufikiria sana mwili wa mwanafunzi.

Mtu huyo ni Kano Jigoro, Mjapani, aliyezaliwa mwaka 1860. Alikuwa mfupi na mwembamba, na wenziwe shuleni walimwonea. Mwaka 1877 alianza kujifunza jujutsu, sanaa ya kale ya wapiganaji wa Japani, ambayo ndani yake zilikuwamo mbinu za kuvunja viungo na hata za kuua. Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alifungua shule yake mwenyewe mjini Tokyo katika chumba cha hekalu la Kibuddha, wanafunzi wakiwa 9 na mikeka ya sakafuni 12 tu. Katika mazoezi ya kushindana aliziondoa ngumi, mateke na mbinu nyingine za hatari, akabakiza kumtupa mtu chini, kumbana asiinuke, na mbinu chache za kumfanya asalimu amri. Akauita mchezo wake judo, yaani njia ya ulaini. Kisha kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mkuu wa chuo cha juu cha walimu mjini Tokyo, na huko aliwahimiza wanafunzi wake wafanye michezo ya kila namna, hata mbio za masafa marefu. Judo iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1964, na mashindano ya wanawake yakapata medali zake kamili mwaka 1992.

Sasa tuutazame mwili, maana ndio unaotuhusu kwanza. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kila siku muda wa dakika 60 wa kazi au mchezo wa kumfanya ahema, na kwamba angalau siku 3 katika juma afanye mazoezi ya kutia nguvu misuli na mifupa. Shirika hilo hilo lilitangaza mwaka 2019 kwamba zaidi ya vijana 8 kati ya 10 wenye umri wa miaka 11 hadi 17 duniani hawatimizi kadiri hiyo. Mtoto wa kijijini atembeaye maili mbili kwenda shule na kuchota maji jioni hana haja ya kuambiwa haya. Lakini mtoto apandaye gari asubuhi, akakaa darasani mchana kutwa, akarudi nyumbani kukodolea macho simu hadi usiku, mwili wake unakua kama mmea uliowekwa chini ya kitanda.

Judo humpa mtoto huyo vitu ambavyo mpira peke yake haumpi kwa urahisi. Mpira hukuza zaidi miguu na pumzi. Judo hutumia vidole vya mkono vinavyoshika nguo, mabega, mgongo, tumbo, nyonga na nyayo, vyote kwa mara moja. Mifupa ya mtoto huongezeka uimara inapobeba uzito na kupata mishtuko midogo wakati wa kukua. Kusimama kwa mguu mmoja huku mwenzako akikuvuta hufundisha mwili kujua ulipo, na hiyo ndiyo mizani ambayo mtu huihitaji maisha yake yote. Tena mtoto mnene, ambaye katika mbio huachwa nyuma akachekwa, hapa huona kwamba uzito wake nao una kazi. Nathubutu kusema kwamba hiyo ni dawa kubwa kwake kuliko karipio juu ya chakula.

Walakini somo la kwanza la judo si kumwangusha mtu. Ni kuanguka. Mtoto hufundishwa kwanza akiwa amelala chali, kisha akiwa amechutama, mwisho akiwa amesimama: avute kidevu kifuani, atazame mshipi wake ili kisogo kisiguse chini, na apige mkeka kwa mkono wote ili mshindo usambae usije ukatua mahali pamoja. Hurudia hivyo mara mia na mia tena, mpaka mwili ujifanyie wenyewe bila kuamriwa. Mtoto aliyejua hayo akiteleza penye matope au akikosa tawi la mwembe, ana nafasi nzuri zaidi ya kunyanyuka salama kuliko mwenziwe.

Nami nisiwafiche vijana upande wa pili. Katika Japani yenyewe, nchi ya mchezo huu, wanafunzi zaidi ya 100 walifariki katika mazoezi ya judo shuleni kwa muda wa kama miaka 30 tangu mwaka 1983. Wengi wao waliumia kichwa. Wengi walikuwa wageni wa mchezo, ambao hawajajua kuanguka, wakatupwa kinyumenyume na watu waliowazidi ukubwa au ujuzi, na mshipa wa damu ukapasuka ndani ya fuvu. Wengine waliumwa kichwa baada ya kuanguka, wakaambiwa wavumilie, wakatupwa tena. Habari hizi zilijulikana sana karibu na mwaka 2012, wakati michezo ya jadi ya kupigana ilipofanywa kuwa somo la lazima katika shule za kati za nchi hiyo, na watu wakadai masharti makali zaidi. Yasomeni maneno hayo kwa makini. Vifo hivyo vilitokana hasa na wakubwa walioufanya uvumilivu kuwa sanamu, wakamtolea mtoto kuwa sadaka. Mkristo aaminiye kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, kama Paulo alivyowafundisha Wakorintho, hana ruhusa ya kulipiga hekalu hilo ukutani ili aonekane shujaa. Mtoto aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu au kutapika aache mchezo siku ile ile, apelekwe kwa daktari, na asirudi mkekani mpaka daktari aseme.

Kwa sababu hiyo hiyo siwezi kuusifu mchezo wa ngumi kwa watoto. Katika ngumi kichwa cha mwenzako ndicho shabaha. Katika judo kichwa ndicho kitu cha kulindwa na wote wawili, mwenye kutupa na mwenye kutupwa. Ukitazama vizuri utaona kwamba yule anayetupa, mwenziwe akiwa bado hewani, hauachi mkono wa nguo alioushika. Huuvuta juu kidogo ili mwenziwe atue kwa ubavu, si kwa shingo. Na mtu aliyebanwa akipiga mkeka au mwili wa mwenziwe mara mbili, mwenziwe sharti amwachie papo hapo. Katika nchi nyingi watoto wadogo hawaruhusiwi kabisa kukaba koo wala kukunja kiwiko cha mwenzao. Kano alifundisha kwamba mtu hapati ustadi pasipo mwenziwe, kwa hiyo faida sharti iwe ya wote wawili. Hakuwa Mkristo, wala hakudai kuwa mmoja. Lakini sijui mchezo mwingine ambao ndani yake mtu humshinda jirani yake na kumtunza kwa kitendo kile kile.

Ndipo hutokea neno la dini. Wengine husema: mchezo huu ulizaliwa hekaluni mwa miungu mingine, tena watoto huinama mbele ya mwalimu, na pengine mbele ya picha ya Kano, je, si ibada? Hekalu lile lilikuwa chumba tu kwa kijana asiye na nyumba ya kufundishia, kama vile shule nyingi za kwetu zilivyoanzia kanisani pasipo hesabu kugeuka kuwa sala. Juu ya kuinama, Maandiko yenyewe yanapambanua. Shadraka, Meshaki na Abednego walikataa kuisujudia sanamu hata wakatupwa motoni. Lakini Ibrahimu aliwainamia Wahiti alipotaka kununua mahali pa kumzika Sara, na Yakobo alimwinamia Esau mara saba, wala hakuna aliyewahesabia dhambi, maana ilikuwa heshima ya mtu kwa mtu. Tena Naamani Mshami alipomwambia Elisha kwamba atalazimika kuinama katika nyumba ya Rimoni kwa ajili ya mfalme wake, nabii alimwacha aende kwa amani. Kijana aweza kumwinamia mwalimu wake kwa heshima ile ile ambayo msichana wa kwetu humpigia magoti babu yake. Ikiwa dhamiri yake haitulii mbele ya picha, na amwambie mwalimu waziwazi. Mwalimu mwema hatamlazimisha. Lakini akitokea mwalimu, wa judo au wa mchezo wowote mwingine, anayewaambia watoto waite nguvu za mizimu au waweke tumaini lao katika pumzi yao wenyewe badala ya Mungu, mtoto huyo na akunje nguo zake aende nyumbani.

Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kuniambia, "Mwalimu, mkimfundisha mtoto kupigana atapigana." Nilimjibu, "Mzee, yule asiyejua kupigana naye hupigana, tena kwa jiwe." Hata hivyo neno lake lina uzito. Bwana alimwambia Petro aurudishe upanga wake alani, na akafundisha kugeuza shavu la pili. Nionavyo mimi, amri hiyo haimtaki mtu awe dhaifu. Mtoto anayenyamaza kwa sababu magoti yanamtetemeka bado hajageuza shavu. Hakuwa na lingine la kufanya. Aliye na uwezo wa kumtupa mwenziwe chini akaamua kutomtupa, huyo ana kitu cha kumtolea Mungu. Mwalimu ana wajibu wa kuhakikisha kwamba uwezo na uamuzi vinakua pamoja, na mtoto atumiaye mbinu uwanjani kumwonea mdogo wake avuliwe mshipi bila mjadala.

Paulo alimwandikia Timotheo kwamba faida ya kuuzoeza mwili ni ndogo ikilinganishwa na ile ya utauwa. Watu wengine hulitaja neno hilo ili kudharau michezo yote. Lakini ndogo si hakuna. Kinachosahauliwa zaidi ni ule ulinganifu, na hapo ndipo wapenda michezo hukosea. Judo hugawanya washindani kwa uzito, na kwa hiyo hutokea mtoto akaacha kula na kunywa siku mbili ili aingie katika daraja la chini. Huko ni kumwibia mtoto chakula wakati mifupa yake inapokihitaji, kwa ajili ya kipande cha bati chenye utepe. Mtoto ashindane kwa uzito aliopewa na ugali wa mama yake.

Vivyo hivyo mashindano hupangwa mara nyingi asubuhi ya Jumapili, kwa kuwa siku hiyo kumbi ziko wazi na walimu hawana kazi. Wazazi wengi wa Kikristo hulalamika nyumbani tu. Yafaa waende kwa mwalimu wa mchezo mapema, kabla ratiba haijachapishwa, waombe mashindano yaanze saa nane mchana. Nimeona ombi la namna hiyo likikubaliwa.