Uniti Iliyolipiwa Ni ya Nani?

Mtu akishanunua LUKU na kuingiza zile namba 20 kwenye mita, nani tena ana neno juu ya taa anayoiacha ikiwaka mchana kutwa? Swali linaonekana dogo, lakini limebeba jambo ambalo dini zetu zimelihangaikia kwa karne nyingi: je, kulipia kitu kunatosha kukupa haki ya kukipoteza? Mkoani Singida, ambako msikiti na kanisa huwa jirani, mafundisho ya pande zote mbili yanakutana hapa. Uislamu huhesabu israfu kuwa kosa, na Mtume anasimuliwa kukataza kupoteza maji ya udhu hata kando ya mto unaotiririka. Injili ya Yohana inaeleza kwamba maelfu walipokwisha kula na kushiba, Yesu aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe. Mifano yote miwili imewekwa mahali palipo na wingi. Mto haukuwa umekauka, na mikate ilikuwa imebaki. Sababu ya kutopoteza basi ilikuwa nje ya uhaba, na nje ya bei pia, kwa maana walioila mikate ile hawakuinunua. Ninachoshikilia ni hiki: kupunguza matumizi ya umeme nyumbani ni kulipa deni kwa watu wengine kabla ya kuwa akiba ya mfukoni.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye risiti. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na inayozidisha mara kwa mara huhamishiwa kundi la shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Uniti zote hizo zinapita kwenye waya uleule. Punguzo la mmoja hubebwa na anayelipa zaidi, kwa hiyo mwenye kununua kwa 100 amepewa sehemu ya uniti hiyo na watu asiowajua. Naye kila mnunuzi, wa 100 na wa 292, hukatwa asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini, fedha zinazosimamisha nguzo vijijini, Mkalama na Ikungi zikiwemo. Hata maji yanatuunganisha: Mto Kizigo unaopita Manyoni humwaga kwenye bwawa la Mtera, na maji hayohayo huteremka hadi Kidatu kuzungusha mitambo mingine. Mabwawa yalipopungua maji mwaka 2006, nchi iliingia kwenye mgao, aliyebana matumizi na aliyefuja wakakaa giza moja.

Lakini jambo hili halionekani popote waziwazi kama kwenye nyumba ya kupanga yenye mita moja. Chukua nyumba ya vyumba vinne Singida mjini, kila chumba kikitumia uniti 30 kwa mwezi. Kila mpangaji angekuwa na mita yake, angelipa shilingi 3,000 kabla ya kodi. Kwa kuwa mita ni moja, nyumba inasoma uniti 120, inaingia kundi la 292, na kila chumba kinatoa 8,760. Hapo hakuna hata mmoja aliyefuja. Sasa tuseme mmoja wao hunyoosha nguo zake na za watoto kila asubuhi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka nusu saa hula nusu uniti. Kwa siku 26 ni uniti 13. Angenyoosha za wiki nzima kwa mkupuo mmoja wa saa moja, mwezi ungeishia kwenye uniti nne au tano. Balbu ya waya ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 haifiki uniti moja na nusu. Mchango wa LUKU hugawanywa sawa, kwa hiyo ziada yote hiyo inamfikia pia mama wa chumba cha mwisho, mwenye balbu moja na redio. Mwenye pasi atasema alitoa mchango wake, na ni kweli alitoa. Ila mchango ule haujamwondolea mwenzake mzigo aliomtwika.

Wapo watakaosema kwamba zama za uhaba zimepita. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, na mitambo yake ilianza kuwashwa mwaka 2024. Nakiri kwamba bwawa likiwa limefurika, taa iliyozimwa Singida haiokoi tone la maji. Hata hivyo transfoma ya mtaa haikui kwa sababu Rufiji imejaa. Saa mbili usiku, pasi, majiko na hita vikiwaka kwa pamoja, aliye mwisho wa laini ndiye anayepata umeme hafifu, na friji yake ndiyo inayoungua.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni lile la maskini: kwa nini ahubiriwe kubana asiyekuwa na cha kubana? Wanaouliza hivyo wana haki. Wajibu hupimwa kwa uwezo, na israfu ni kitu kingine kabisa na matumizi. Jiko la presha la umeme la wati 1,000, hata likivuta nguvu yote saa nzima, litakula uniti moja kuivisha maharage ambayo vinginevyo yangeivishwa kwa mkaa uliokatwa katika misitu ya Manyoni na Itigi. Nyumba inayoongeza uniti hiyo haijafuja chochote. Wa kuulizwa kwanza ni mwenye nyumba anayekusanya kodi ya vyumba kumi na kukataa kila chumba kiwe na mita yake. Nazo kamati za misikiti na wazee wa kanisa wangeanzia kwenye taa zao za nje zinazowaka hadi saa nne asubuhi, katika mkoa wenye jua kali kama huu, kabla ya kumgeukia mama wa chumba cha mwisho na redio yake.